Ahadi ya Nusu Kichwa

Saluni yetu ina viti vitatu, na kiti cha dirishani ni cha dada yangu, mwenye saluni. Mimi mdogo wake nasukia kiti cha kati, miaka nenda miaka rudi, na nikiulizwa kwa nini sijafungua ya kwangu huwa najifanya sijasikia. Kiti cha tatu, kile kilichobanwa kati ya kikaushio na pazia la chumba cha nyuma, kilikuwa cha binti wa dada kila Jumamosi na kila likizo. Habari hii ni yake. Mwenyewe hawezi kuisimulia, maana ni mtu wa kusema "sawa" na kuendelea na kazi, na watu wa namna hiyo wasipopata mtu mwenye mdomo kama wangu, mambo yao hupita kimya kimya.

Mtaani anaitwa Daktari. Jina alilipata akiwa darasa la tatu. Alikuwa amekaa sakafuni anachezea vibanio, akasoma kwa sauti maandishi ya kwenye kopo la dawa ya kulainisha nywele: isikae kichwani muda mrefu, na mwenye kidonda asipakwe. Mteja aliyekuwa kwenye kiti alikuwa na kidonda, na dawa ilikuwa imemkaa muda mrefu. Alikimbilia beseni huku kitambaa kikimning'inia shingoni, na alipokwisha kuoshwa akacheka, akasema huyu mtoto ni daktari. Basi. Mwezi haujaisha mtaa mzima unamwita hivyo, dada amekuwa Mama Daktari, na mlango wa saluni ulipopakwa rangi upya aliagiza iandikwe "Saluni ya Mama Daktari" kwa herufi za dhahabu. Mtoto mwenyewe bado anang'oka meno.

Tangu hapo hakupewa nafasi ya kuwa kitu kingine. Akirudi na alama nzuri watu walisema si ni daktari, ulitegemea nini? Akirudi na za wastani, dada alinuna wiki nzima na kuvuta nywele za wateja kwa hasira. Baba yake anaendesha lori la masafa marefu. Alikuwa akipiga simu, anauliza daktari wake hajambo, anashangilia, salio linakata. Majirani walileta watoto wenye vipele avitazame. Yeye alivitazama, akawaambia waende hospitali, nao wakasifu kwamba kweli anajua. Mimi nilicheka pamoja nao, na siku hizi kicheko kile kinanichoma.

Alichokipenda hasa nilikijua mimi peke yangu. Shuleni kwao walipata hadubini, na siku moja aliokota unywele kwenye sakafu yetu, akaufunga kwenye karatasi, akaenda nao. Aliporudi aliongea jioni nzima bila kuulizwa. Unywele una magamba, Mama Mdogo. Una kiini katikati. Uliopakwa dawa magamba yake yamesimama kama umetishwa. Hakutaka kumpasua mtu wala kumwandikia mtu vidonge. Alitaka kukaa mbele ya kile kioo na kutazama vitu vidogo. Mji wa pili kutoka kwetu kuna chuo cha mafundi wa maabara, kizuri, kinachoheshimika, na kwa alama zake wangempokea bila maswali mengi. Aliniambia hayo kwa sauti ndogo, na akaniomba nisimwambie mama yake bado.

Ile "bado" ndiyo iliyotuponza. Mtihani ulikuja, matokeo yakatoka, akawa wa kwanza shuleni kwao. Dada alizima vikaushio vyote, akacheza katikati ya saluni na kitana mkononi. Akasema sasa ni Chuo Kikuu cha Tiba, na hakuna mjadala.

Chuo hicho kila mtu anakijua kwa sifa, na kwa sifa hizo hizo kila mzazi anamsukumia mwanawe huko. Maombi yanafanywa kwa simu. Mwombaji anaandika chuo anachokitaka kwanza, cha pili na cha tatu. Akikosa cha kwanza, anatazamwa kwenye cha pili, kisha cha tatu. Anaweza kubadilisha mpaka siku ya kufungwa. Dada alimsimamia mwanawe, akamwamrisha ajaze Chuo cha Tiba na nafasi nyingine mbili aziache wazi.

Hapo ndipo ilipo akili ya watu wa saluni. Kuna mteja mmoja, mke wa mwuza magodoro, alimwambia dada kwamba ukijaza chaguo la pili wale wa chaguo la kwanza wanaona huna shida nao, una pa kukimbilia, basi wanakusukuma huko. Ni maneno ya kwenye kikaushio, ambapo watu wanaongea kwa sauti kubwa kwa sababu hawasikii, na kilichosemwa kwa sauti kubwa kwetu kinakuwa kweli. Mwalimu wa ushauri wa shuleni alikuja mwenyewe mpaka saluni kukanusha. Mtu wa watu, alisimama mlangoni na mkoba wake kwa sababu kila kiti kilikuwa na mtu. Alisema huo ni uzushi, mashine haijui nani ana shida. Alisema katika kila waombaji mia wa chuo kile huenda wakaingia wanne, na kwamba kuwa wa kwanza kwenye shule yetu ni jambo kubwa kwetu, ila ziko shule ambazo mtu wa ishirini ana alama hizo hizo. Bila chaguo la pili, akikosa anakaa mwaka mzima nyumbani.

Dada alimsikiliza bila kuacha kusuka. Kisha akamwuliza kama yeye ana mtoto anayeomba mwaka huu. Mwalimu akasema ndiyo, anaye. Dada akatabasamu, akamwambia ahsante kwa ushauri, na alipotoka akatuambia mmemwona, anataka kumpunguzia mwanawe washindani. Nilimwambia dada, huyu mtu kapanda kilima chote kile kwa miguu kwa ajili ya mtoto wetu. Akaniambia nikizaa wa kwangu nitampeleka ninakotaka. Sina mtoto, na kila ninapotaka kusema jambo la maana ndani ya saluni ile, hilo ndilo gongo ninalopigwa nalo.

Kumbe mtoto naye alikuwa amefungwa kwa njia ya kipuuzi kabisa. Wakati wa kujiandikisha hakuwa na laini yake, wakatumia namba ya mama yake. Kila anapotaka kufungua maombi yake, mtandao unatuma namba ya siri kwenye simu ya dada, na simu ya dada inakaa kwenye mfuko wa aproni yake kuanzia asubuhi mpaka anapolala, tena analala nayo chini ya mto. Msichana aliyeongoza shule nzima alikuwa hawezi kuandika jina la chuo bila kuomba ruhusa ya mfuko.

Sasa kabla sijafika siku yenyewe, lazima nieleze nusu kichwa. Mtu anayesukwa rasta anakaa kwetu asubuhi mpaka alasiri. Ikifika katikati, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama wima, hawezi kuondoka hata nyumba ikiungua. Wasusi wote wanalijua hilo, na dada yangu amelifanyia kazi maisha yake yote. Ukitaka mteja akubali rasta ndefu zaidi, usimwambie mwanzoni. Mwambie akiwa nusu kichwa. Ukitaka akuvumilie uende kula, nenda akiwa nusu kichwa. Mama mmoja mwenye duka alikubali akiwa nusu kichwa kumwajiri mpwa wa jirani yetu. Alisema aje Jumatatu bila kukosa. Jumatatu kijana alikwenda na shati jipya, na yule mama akamwambia hamjui wala hajawahi kutusikia. Tulicheka mpaka machozi, na aliyecheka kuliko wote ni dada.

Siku ya kufungwa maombi ilikuwa Jumamosi, mwisho saa kumi na mbili jioni. Asubuhi hiyo aliingia mteja mgeni, mwanamke mnene mpole wa miwani, anataka rasta nyembamba. Dada akampasua njia, akaanza nyuma, na mazungumzo ya kawaida yakaanza: watoto wangapi, jua kali, kazi wapi. Mteja akasema anafanya kazi Chuo cha Tiba, ofisi ya kupokea wanafunzi.

Mikono ya dada ilisimama. Kwenye kioo niliuona uso wake, na nikajua leo mama wa watu hatatoka hapa kirahisi.

Alianza kwa mbali. Akamletea soda, akamsifu nywele, akamvika kilemba cha ukoka mpaka mimi nikaona haya. Mteja, kwa upole wake, alieleza kabisa kwamba yeye kazi yake ni kupokea vyeti dirishani na kugonga mhuri, kwamba wanaochagua ni kamati, na kamati inakaa ghorofa ambayo yeye hajapanda. Alisema na jambo jingine, na alilisema kwa huruma: "Wanaoomba wote wana alama kama za binti yako, dada yangu. Wote."

Dada akasema ni kweli, ni kweli. Akaendelea kusuka, lakini polepole. Ikafika adhuhuri, kichwa kikawa nusu. Hapo akaweka kitana chini, akajinyoosha mgongo, akasema vidole vinamuuma leo, hajui kama ataweza kumaliza.

Mtoto wakati huo alikuwa chumba cha nyuma anaosha taulo. Nilikwenda kuchukua mafuta, akanishika mkono. Simu yake ya mitumba, isiyo na laini, inayovuta mtandao wa simu yangu, ilikuwa imewashwa juu ya ndoo, kwenye ukurasa wa maombi. Alikuwa amebonyeza kuomba namba ya siri. Aliniambia itaingia sasa hivi kwenye simu ya mama, na mikono ya mama ina mafuta, atakuomba wewe umsomee. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nilimwona anapanga jambo la hila, na nilifurahi nusura nimbusu.

Ikawa vilevile. Nimerudi tu kwenye kiti changu, mfuko wa dada ukalia. Akanigeuzia kiuno, akasema nimtazamie ni nani. Nilitoa simu, nikaiona namba, tarakimu sita. Nikasema ni matangazo ya mtandao, wanatuuzia tena vifurushi. Akasema nifute, nikafuta, na tarakimu nilikuwa nimezimeza tayari. Nikaingia tena nyuma ya pazia kama mtu aliyesahau kitu, nikamnong'oneza. Akaziandika. Ukurasa ukafunguka.

Nawaambia, ilikuwa imebaki kuandika jina la chuo cha maabara na kubonyeza. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo.

Upande wa pili wa pazia dada alikuwa anazungumza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya chini, ya kuomba. Alimwambia mteja kwamba hana kitu kingine duniani, kwamba amesimama kwenye sakafu hii mpaka miguu imevimba mishipa, kwamba mtoto akikosa yeye hatakuwa na uso wa kuufungua ule mlango. Kisha tukamsikia mteja akisema, "Niandikie jina lake. Nitamwangalia mwanao. Usiwe na wasiwasi, mama, ataingia."

Kidole cha mtoto kikasimama.

Nilimwambia bonyeza. Akasema ngoja. Nilimwambia, "Mwanangu, yule anataka nywele zake ziishe aende nyumbani. Unajua hivyo kuliko mimi."

"Najua, Mama Mdogo," akasema. "Lakini kama ni kweli?"

Nikamwuliza kama ni kweli nini, wewe si hukutaka udaktari? Akanitazama kwa macho ambayo siwezi kuyasahau. Alisema yule mama kasema ataingia. Akiingia, yote yanaisha: mama atapumzika, mtaa utapumzika, na yeye hatalazimika kumwambia mtu yeyote kwamba hataki. Na je, kama maneno ya wateja yana ukweli, akijaza la pili sasa hivi akaliharibu lile la kwanza mikononi mwa mama yake? Mtoto mwenye akili zile, aliyemsikia mwalimu kwa masikio yake, anasimama kando ya ndoo ya taulo ananiambia maneno ya mke wa mwuza magodoro. Ndipo nilipoelewa kwamba tumaini la dada halikuwa limemfunga kwa nje tu.

Niliukamata mkono wake nibonyeze mimi. Akaufunga ukurasa, akaweka simu mfukoni, akachukua taulo. Akasema, "Sawa," kama kawaida yake.

Huko mbele dada alikuwa amepona vidole. Alimaliza nusu ya pili haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akamsindikiza mteja mpaka barabarani, akarudi anaimba. Dada, mwalimu wetu wa nusu kichwa! Nilimwuliza kama kweli anaamini. Akaniambia yule ni mtu wa Mungu, anaonekana usoni. Kufika jioni mtaa mzima una habari kwamba Daktari ameshaingia, bado karatasi tu. Baba mtu akapiga simu kutoka njiani, akalia kwa furaha, salio likakata. Saa kumi na mbili ilipogonga mtoto alikuwa anafagia nywele, na mimi nilikuwa namtazama tu.

Majina yalipotoka, lake halikuwemo. Dada alimpa mwanawe simu atafute tena, akampa mteja mmoja atafute, akanipa mimi. Halikuwemo. Alifunga saluni, akaenda mpaka kwenye dirisha la ofisi ile, akasimama kwenye foleni ya wazazi. Mama wa miwani alipomwona hakumtambua, au alijifanya. Alimwambia kwa upole ule ule, bibi, orodha ni hiyo iliyobandikwa.

Sasa ni miezi mingi. Kiti cha tatu hakisubiri tena Jumamosi. Mtoto anasuka kila siku, na mikono yake ni myepesi, wateja wanamwulizia. Wanamwita Daktari bado, kwa sababu hakuna aliyefikiria jina jingine, na yeye anaitika. Nimemwambia maombi ya mwaka huu yatafunguliwa. Anasema tutaona. Laini yake mwenyewe anayo siku hizi, aliinunua dada akamkabidhi mbele yetu kwa mikono miwili, na mpaka leo iko kwenye kasha lake juu ya kabati la mafuta.

Wiki iliyopita hapakuwa na mteja, mvua ilikuwa inanyesha, tukawa watatu tu. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe, jambo asilolifanya. Amekonda, na siku hizi akiongea na mwanawe anaongea kama mtu aliyefika nyumba ya watu. Alimwita. Mtoto akaenda akasimama mbele yake na ufagio.

"Mwalimu aliniambia," dada akasema. "Mdogo wangu aliniambia. Ningekuachia ile simu siku moja tu, leo ungekuwa chuoni. Ni mimi niliyekufungia, mwanangu. Nisamehe."

Alikuwa analia wazi wazi, bila kujifuta. Nilimtazama mtoto. Nilijua anaiona ile ndoo, na ukurasa uliofunguka, na kidole chake. Nilijua kwamba akifungua mdomo wake, mama yake atashusha mzigo ambao si wake wote, na kisha wote wawili watalazimika kutazama kile alichokifanya mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Nilingoja aseme. Kwa kweli nilimwomba kwa macho aseme.

"Nimekusamehe, mama," akasema.

Dada akamvuta, akamkumbatia kiunoni na kulilia kwenye aproni yake. Mtoto akawa anampapasa mgongo, na juu ya kichwa cha mama yake akanitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo: usiseme. Sijasema. Kila siku nafika pale asubuhi, nasimama kati yao, huyu kushoto kwangu na huyu kulia kwangu, na nasuka.